Nyoka wa Juu ya Mkumbara

Anayeshuka basi Mkumbara, kwenye barabara kuu ya kutoka Korogwe kwenda Moshi, anapokewa na mkonge upande mmoja na mlima upande wa pili. Mkonge umenyooka kwa mistari mpaka macho yachoke. Mlima, ambao ni ukingo wa Usambara Magharibi, umeinuka ghafla, bila vilima vya kumwandaa mtu, na juu yake mawingu huganda hata siku ambazo bondeni ardhi imepasuka kwa jua. Wajerumani waliitamani misitu ya juu huko kiasi cha kujenga njia ya kamba za chuma angani. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kampuni ya Wilkins & Wiese iliteremsha kwa njia hiyo magogo ya mitarakwa kutoka Shume, waliyoiita Neu-Hornow, hadi kituo cha reli hapa Mkumbara, kisha yakasafirishwa kwenda pwani.

Gogo liliweza kushuka. Nyoka wa msituni hawezi, na hapo ndipo sura hii inapoanzia.

Kule juu anaishi kifutu mdogo mwenye pembe. Ni mfupi, urefu wake hauzidi sana nusu mita, kichwa kipana, shingo nyembamba, na mwili wenye magamba makavu yaliyoinuka katikati, ukimwona akiwa ametulia unadhani ni ukoga wa mti. Juu ya kila jicho kuna magamba machache yaliyosimama kama kope zilizotiwa wanja mwingi. Anakaa kwenye vichaka na matawi ya chini, anakula vyura, na hatagi mayai: anazaa watoto hai. Mmoja ni wa manjano, mwingine kijani cha zeituni, mwingine karibu mweusi. Mtaalamu wa Vienna, Franz Werner, alimpa jina la kisayansi katika miaka ya 1890: Atheris ceratophora.

Kwa muda mrefu jina hilo lilimtosha. Arthur Loveridge, Mwingereza aliyefanya kazi katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Harvard, alikusanya nyoka, vyura na mijusi katika milima hii, na mwaka 1928 yeye na Thomas Barbour walichapisha kitabu kikubwa kinacholinganisha viumbe wa Uluguru na wa Usambara. Kazi yao ilikuwa ya jicho na hesabu: safu ngapi za magamba katikati ya mwili, mangapi tumboni, mangapi chini ya mkia, rangi gani, meno ya namna gani. Ni kazi nzuri na hadi leo hakuna anayeikwepa. Ila ina udhaifu wake. Wanyama wanaoishi kwenye msitu wa aina moja, wakila chakula cha aina moja na kujificha kwa mbinu moja, huishia kufanana hata kama wametengana kwa mamilioni ya miaka. Upande wa pili, ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na rangi tatu. Ukihesabu magamba peke yake, utawatenga ndugu na kuwaunganisha wageni.

Watanzania wengi wamelisikia neno DNA kupitia kesi za watoto: fulani amekana mimba, sampuli zimepelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, majibu yanasubiriwa. Kanuni inayotumika kwa nyoka ni ileile, ila swali linarudi nyuma zaidi. Hatuulizi nani baba wa huyu. Tunauliza ukoo wa huyu na ukoo wa yule uliachana lini.

Mtafiti huhitaji kipande kidogo sana. Akimshika nyoka hai, anakata ncha ya gamba moja la tumboni kwa mkasi uliosafishwa, anaitumbukiza kwenye kichupa cha ethanoli chenye ukubwa wa kidole kidogo, anaandika kwa penseli namba, mahali na tarehe, na nyoka anaachiwa. Penseli, kwa sababu ethanoli ikivuja hufuta wino wa kalamu, na kichupa kisicho na jina la mlima hakina thamani yoyote. Gamba alilojivua nyoka linaweza kufaa pia, hata nyoka aliyegongwa barabarani. Maabara hutoa vinasaba kwenye kipande hicho, kisha mashine hunakili sehemu moja iliyochaguliwa mara mamilioni hadi ipatikane ya kutosha kusomwa herufi kwa herufi.

Sehemu inayochaguliwa mara nyingi imo ndani ya mitokondria, vile vijitanuri vinavyoipa seli nishati. Sababu ni tatu, na zote ni za vitendo. Kila seli ina mitokondria nyingi, kwa hiyo hata kipande kilichochakaa hutoa kitu. Vinasaba vyake hubadilika upesi kuliko sehemu kubwa ya vile vya kiini cha seli, kwa hiyo hata ndugu walioachana karibuni wanaonyesha tofauti. Na vinatoka kwa mama peke yake, havichanganywi na vya baba, kwa hiyo uzi wa ukoo unafuatika bila kukatika. Jeni iitwayo saitokromu b imekuwa kipimo cha kawaida katika utafiti wa nyoka. Mtafiti huzipanga herufi za nyoka mmoja chini ya za mwingine, anahesabu zinapopishana, na kompyuta inachora mti wa ukoo. Yakiwapo mabaki ya kale ya kusaidia kukisia mwendo wa mabadiliko, mti huo unaweza kupewa hata miaka, ingawa ni makadirio yenye nafasi pana ya kukosea.

Mwaka 2014 Michele Menegon wa jumba la makumbusho la Trento, Italia, pamoja na Simon Loader, Bill Branch, Tim Davenport na wenzao, walichapisha mti wa namna hiyo kwa vifutu wa miti wa Afrika Mashariki. Waliyoyakuta yanahusu jiografia kuliko magamba. Kundi hili lilitoka magharibi, misitu ya Kongo, na likaingia Afrika Mashariki kwa kuzunguka, tawi moja kwa kaskazini na jingine kwa kusini, kwa kuwa kufunguka kwa Bonde la Ufa la magharibi kuliwachelewesha kuja moja kwa moja. Kisha nchi ikakauka, misitu ikarudi juu ya milima inayopata mvua ya Bahari ya Hindi, na kila mlima ukabaki na nyoka wake. Watafiti walipata koo kuu nne katika Afrika Mashariki, tatu kati yake zikiwa zimejifungia kila moja kwenye safu yake ya milima. Mwishoni wakaongeza jambo dogo kwa maneno ya tahadhari: ndani ya ukoo wa huyu mwenye pembe, na ndani ya ukoo wa ndugu yake wa Rungwe, huenda zimejificha spishi ambazo bado hazijatambuliwa.

Hiyo “huenda” ndiyo inayonishughulisha. Kifutu mwenye pembe anajulikana Usambara, Uluguru na Udzungwa. Tukimhesabu kama spishi moja, msitu wa mlima mmoja ukiteketea tumepoteza sehemu ya makazi yake, na ripoti itasema hali inatia wasiwasi. Wakiwa spishi tatu, moto uleule umefuta spishi nzima, na hakuna ripoti itakayosema hivyo kwa sababu hakuna aliyejua kwamba ilikuwapo. Tofauti ya matukio hayo mawili haimo msituni. Imo kwenye daftari.

Na nyoka huyo hawezi kuhama. Nyanda za mkonge na miiba kutoka hapa Mkumbara kwenda Handeni na kushuka hadi Morogoro, kwa kiumbe anayehitaji ukungu na majani mabichi, hazivukiki. Hata bonde jembamba linatosha kutenganisha. Bonde la Lwengera, hapo Korogwe, linazigawa Usambara Mashariki na Magharibi, na ukisimama upande mmoja siku ya anga safi unauona mwingine. Lakini vinyonga waliokuwa wakiitwa wote kwa jina moja, Kinyongia fischeri, walipochambuliwa upya mwaka 2008 ilibainika kuwa wa Usambara Magharibi ni spishi moja na wa Usambara Mashariki ni wengine, tena wa spishi mbili. Fischeri mwenyewe, mwenye haki ya jina, akabaki milima ya Nguru na Nguu. Nguu ni ile iliyo Kilindi, ambayo wazee bado wanaihesabu Handeni. Maana yake ni kwamba vibali vyote vya kusafirisha nje “fischeri” vilivyoandikwa kabla ya hapo huenda vilikuwa vikihesabu spishi kadhaa kama moja, na hakuna anayeweza kurudi nyuma kuzitenganisha.

Miongoni mwa wa kwanza kulifuata swali hili kwa nyoka wa milima yetu kwa njia ya vinasaba alikuwa Peter Gravlund, aliyechapisha mwaka 2002 mti wa ukoo wa nyoka wa Tornier, mnyama mpole wa kahawia anayetembea usiku kwenye misitu ya milima ya Afrika Mashariki. Aliweka tatizo kwenye kichwa cha makala yake mwenyewe: mipaka ya spishi ina utata. Uaminifu huo nimeupenda kuliko makala nyingi zilizofuata zenye uhakika mwingi.

Kifutu mwenye pembe ana ndugu mmoja ambaye jina lake limeshatangazwa. Mwaka 2011 Menegon, Davenport na Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walieleza spishi mpya kutoka Nyanda za Juu Kusini: mweusi na manjano kama nyigu, mwenye pembe juu ya macho, mkubwa kidogo kuliko wa Usambara. Davenport, aliyekuwa akiongoza kazi za shirika la uhifadhi la WCS nchini, alimpa jina la binti yake, Atheris matildae. Makadirio yao yalikuwa kwamba aliachana na ndugu yake wa Usambara kiasi cha miaka milioni 2.2 iliyopita.

Jambo moja hawakuliandika, nalo ni mahali alipopatikana. Makala ya kisayansi kwa desturi hutaja msitu, mwinuko, hata namba za kwenye ramani, ili mwingine aweze kwenda kuhakikisha. Hawa walisema tu “Nyanda za Juu Kusini”, wakaeleza kwamba msitu ni mdogo na umeharibika, na kwamba nyoka mzuri, mpya na adimu atawindwa na wanaofuga nyoka majumbani Ulaya na Marekani. Walikuwa sahihi. Biashara hiyo ipo, na vifutu wa miti ni miongoni mwa vipenzi vyake. Tanzania ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, na mwaka huohuo, kwenye mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, huko Johannesburg, Kenya ilifanikiwa kuwaingiza kwenye Kiambatisho cha Pili, orodha ya wale ambao biashara yao inadhibitiwa, vifutu wake wawili, mmojawapo akiwa Atheris desaixi wa misitu ya Mlima Kenya na Nyambene. Lakini sheria inafanya kazi juu ya majina. Ofisa wa forodha akifungua kisanduku na kukuta nyoka wa manjano mwenye pembe, cha kuangalia ni orodha iliyo mkononi mwake, na spishi isiyo na jina haimo kwenye orodha yoyote. Kwa hiyo jina linamlinda nyoka na jina hilohilo linamtangazia bei. Sioni njia ya kulikwepa hilo. Kuficha msitu, kama walivyofanya, ni nusu ya suluhisho, na naona ndiyo nusu iliyowezekana. Kwenye kisanduku cha forodha kipande cha gamba kinaweza kusaidia: kikisomwa na kulinganishwa na sampuli zilizohifadhiwa, kinaweza kusema huyu katoka mlima upi. Sharti ni sampuli za kila mlima ziwe zimeshakusanywa.

Tuteremke sasa bondeni, kwa kuwa wakazi wa Mkumbara hawaumwi na kifutu mwenye pembe. Wanaumwa na nyoka wa mashambani, na kwenye zahanati mazungumzo mara nyingi huenda hivi:

“Shikamoo, daktari.”

“Marahaba. Nani kaumwa?”

“Mdogo wangu, hapa juu ya kifundo.”

“Nyoka mlimwona?”

“Tulimwona. Mweusi hivi.”

“Mweusi hivi” anaweza kuwa swila anayetema sumu, ambaye sumu yake huozesha nyama. Anaweza kuwa koboko, ambaye kwa kweli ni wa kijivu na weusi wake uko ndani ya kinywa, na sumu yake huzima pumzi. Anaweza kuwa nyoka asiye na madhara yoyote aliyeuawa bure. Shirika la Afya Duniani, lililoingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017, linakadiria vifo kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani. Nepal watafiti walijaribu kupangusa jeraha kwa pamba na kusoma vinasaba vya nyoka vilivyobaki kwenye ngozi ya mgonjwa, na imewezekana. Majibu hayawahi kumsaidia mgonjwa aliyeko kitandani, lakini baada ya miaka hospitali ya wilaya ingejua ni nyoka gani hasa wanaouma watu wake, na ingeagiza dawa kwa kufuata ukweli.

Maswila wenyewe wana kisa chao. James Ashe, aliyeanzisha kituo cha nyoka cha Bio-Ken huko Watamu pwani ya Kenya, alishikilia tangu miaka ya 1960 kwamba swila mkubwa wa kahawia wa nyanda kavu si yule mwenye shingo nyeusi. Wataalamu walimwona ni rangi tofauti tu ya spishi ileile. Ashe alifariki mwaka 2004, na mwaka huo Bio-Ken walikamua kutoka kwa nyoka mmoja wa aina hiyo mililita 6.2 za sumu kwa mara moja. Mwaka 2007 Wolfgang Wüster na Donald Broadley walimtangaza kuwa spishi mpya, Naja ashei. Vinasaba vya mitokondria vilimpa Ashe haki na vikaongeza jambo lisilotarajiwa: nyoka huyo yuko karibu zaidi kiukoo na swila wa Msumbiji, Naja mossambica, kuliko na yule wa shingo nyeusi aliyekuwa akibebeshwa jina lake. Macho ya mtu aliyewashika nyoka hao kila siku yaliona kitu ambacho rafu za makumbusho hazikukiona. Maabara ilikuja kuthibitisha.

Si kila jina jipya lina uzito huo. Mwaka 2001 Broadley alimtenga nyoka mwembamba wa matawini wa Usambara, Thelotornis usambaricus, na ndugu zake wa Msumbiji. Kwa mhifadhi ni habari muhimu. Kwa aliyeumwa haibadilishi kitu, maana nyoka wote wa jenasi hiyo hawana dawa ya kuzuia sumu yao. Robert Mertens, mmoja wa wataalamu wakubwa wa nyoka wa karne ya 20, alikufa mwaka 1975 kwa kuumwa na mmoja wao aliyekuwa akimfuga mwenyewe.

Zipo pia sababu za kutokimbilia kutoa majina. Uzi wa mama unaweza kudanganya: ikiwa zamani majike wa spishi moja walipandwa na madume wa nyingine, mitokondria itasimulia nusu ya habari. Ndiyo maana Wüster na wenzake walipomgawa swila wa msituni mwaka 2018 na kupata spishi tano pale palipokuwa na moja, walisoma pia vinasaba vya kiini cha seli na kuhesabu magamba. Mmoja wa hao watano, Naja subfulva, ndiye wa upande wetu. Kwangu mimi huo ndio utaratibu unaostahili kufuatwa: aina mbili za vinasaba, na mwili. Spishi iliyotangazwa kwa kipande kimoja cha jeni na nyoka wawili ni dhana, hata ikichapishwa kwenye jarida zuri.

Vifutu wa Usambara bado hawajafikishwa hapo kwa ukamilifu, na kinachotakiwa hakina siri: sampuli kutoka msitu wa Magamba upande wa magharibi, kutoka Amani upande wa mashariki, kutoka kila kipande cha msitu chenye nyoka huyo hadi Udzungwa, kwa vibali vya taasisi ya utafiti wa wanyamapori (TAWIRI) na tume ya sayansi na teknolojia (COSTECH), na nakala ya kila kichupa ibaki Dar es Salaam. Misitu inazidi kukatika vipandevipande, na nyoka waliobanwa kwenye kipande kidogo huanza kuzaana ndugu kwa ndugu. Sweden hayo yaliwahi kutokea. Huko Smygehuk, pwani ya kusini, vifutu wa Ulaya walikuwa wamebaki wachache, watoto wengi wakizaliwa wafu au wenye kasoro. Mwaka 1992 Thomas Madsen na wenzake waliachia hapo madume 20 kutoka sehemu nyingine, wakawaacha wapande kwa misimu minne, kisha wakawaondoa waliobaki. Kundi likafufuka kwa namna iliyowashangaza wenyewe, na mwaka 1999 habari hiyo ilichapishwa kwenye jarida la Nature.

Siku moja mtu ataleta pendekezo la namna hiyo kwa kipande fulani cha msitu juu ya Mkumbara, na litakuwa pendekezo la busara. Madume yatoke wapi? Uluguru wapo, na kwa gari ni safari ya siku moja. Lakini kama “huenda” ya mwaka 2014 ni kweli, kuwaleta hao ni kuchanganya spishi mbili na kuiharibu ile inayookolewa. Itabidi kwanza vichupa vya Magamba na vya Uluguru visomwe pamoja.